Msindikizaji Asiishie Mlangoni

Msikilizaji, mjamzito anayehudhuria kliniki hapa kwetu husisitizwa apange mapema mambo kadhaa: atajifungulia wapi, usafiri utatoka wapi uchungu ukimshika usiku wa manane, nani atamchangia damu ikihitajika, na nani atamsindikiza. Naye hupanga. Siku ikifika, hupanda bajaji pamoja na mama yake au dada yake, beseni limejaa kanga, pamba na glovu, chupa ya chai iko mkononi. Wakifika, nesi humpokea mzazi pamoja na beseni lake, kisha mlango wa leba hufungwa. Yule aliyemsindikiza hubaki nje, kwenye benchi au chini ya mwembe, akisikiliza kila sauti inayotoka dirishani bila kujua ni ya nani. Ndani, mwenzake anaweza kukaa saa nane, kumi au zaidi kati ya watu asiowafahamu. Leo nataka tuuzungumzie mlango huo, na nitaanza na kazi ambayo kwa wengi wetu jina lake bado ni geni, kazi ya dula.

Dula ni mtu, mara nyingi mwanamke, ambaye mjamzito au familia yake humlipa ili awe naye wakati wa mimba, wakati wa uchungu na siku za kwanza baada ya kujifungua. Si mkunga, na hilo tulielewane mapema. Hampimi mzazi, hasikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, hakati kitovu, hatoi dawa. Kazi yake ni kukaa. Humkanda kiuno, humpa maji, humsaidia kubadili mkao, humkumbusha apumue taratibu, humweleza kinachoendelea kwa maneno anayoyaelewa, na humtia moyo wa kuuliza pale anapoogopa kuuliza. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya zamani ni mtumishi wa kike, hata mtumwa. Dana Raphael, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyelipa maana hii ya leo katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kunyonyesha. Tangu hapo imekuwa kazi inayosomewa, yenye vyama na vyeti, na katika miji yetu mikubwa, Nairobi na Dar es Salaam ikiwemo, wapo wanaoifanya na wapo wanaowaajiri.

Wengi wakisikia hivyo husema hayo ni mambo ya Wazungu, mwenye fedha anatafuta pa kuzitupa. Nadhani wanaosema hivyo wanalitazama jina wakaisahau kazi. Ni jamii gani ya pwani au ya bara ambayo mwanamke alishika uchungu akaachwa peke yake? Mimba ya kwanza, kwa wengi, ilimrudisha binti kwao ili azalie mikononi mwa mama yake. Mkunga wa jadi aliitwa, lakini hakuja kwenye chumba kitupu. Alimkuta bibi, shangazi, jirani aliyezaa mara sita, kila mmoja akiwa na lake la kushika: huyu amshike mgongo, yule achemshe maji, mwingine aseme naye tu. Baada ya hapo zikafuata siku arobaini za kumtunza mzazi, uji wa pilipili manga, kumkanda kwa maji ya moto, kumpokea mtoto ili mama apate usingizi. Dula anayelipwa leo London au Chicago anauza kwa saa kile ambacho kwetu kilikuwa haki ya kila mwanamke mwenye ndugu.

Hospitali ilipoichukua kazi ya uzalishaji, ilifanya jambo jema, na sitaki mtu anielewe vibaya hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa uzazi 63 kati ya 100 nchini Tanzania ulifanyika kwenye vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha umefika 81. Katika kipindi hichohicho, makadirio ya vifo vya wanawake vinavyotokana na uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wanawake wengi walio hai leo. Mzazi anayetoka damu nyingi baada ya kondo kutoka hahitaji shangazi wa kumshika mkono. Anahitaji dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, dripu, damu, na daktari aliye macho. Kifafa cha mimba hakitulizwi kwa maneno mazuri. Basi hoja yangu si kurudi nyuma. Hoja yangu ni kwamba tulipokuwa tukihama kutoka nyumbani kwenda hospitalini tulichukua mengi, tukaliacha moja mlangoni, na hilo moja sasa limepimwa na watafiti, likaonekana lina uzito kuliko tulivyodhani.

Kipimo cha kwanza kilichosikika sana kilitoka Guatemala. Mwaka 1980, madaktari John Kennell na Marshall Klaus pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali ambayo wazazi walikuwa wakikaa na uchungu wao bila ndugu, kama ilivyo kwenye vituo vyetu vingi. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Katika kundi la pili, kila mmoja alipewa mwanamke wa kukaa naye, ambaye hakuwa nesi wala mkunga, na wala hakuwa akijuana naye. Watafiti walitaka kupata wanawake 20 kila upande waliojifungua bila tatizo lolote. Upande wa wenye msindikizaji, iliwabidi wapokee wanawake 33 ili kuwapata hao 20. Upande wa walioachwa peke yao, iliwabidi wapokee 103. Na kati ya hao waliojifungua salama, muda kutoka kupokelewa hadi kujifungua ulikuwa wastani wa saa 8.8 kwa wenye msindikizaji, na saa 19.3 kwa wasio naye. Ni tofauti ya kustaajabisha, na kwa kweli kundi lilikuwa dogo mno kwa mtu kuishikilia kwa nguvu zote. Ndiyo maana watafiti walirudia.

Marudio yaliyochapishwa mwaka 1991 yalifanyika katika hospitali ya umma huko Houston, Marekani, kwa wanawake zaidi ya 600 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza. Hapa naomba msikilizaji utege sikio, maana kuna jambo dogo ndani ya utafiti huu ambalo mimi naliona kubwa. Safari hii makundi yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa na dula aliyekaa na mzazi tangu kupokelewa hadi mtoto kutoka, akimshika na kuzungumza naye. La pili lilikuwa na mtu aliyekaa pembeni ya chumba akiandika anayoyaona, bila kumsemesha mzazi wala kumgusa. La tatu lilipata huduma ya kawaida. Waliofanyiwa upasuaji katika kundi la tatu walikuwa 18 kati ya 100. Katika kundi la dula walikuwa 8. Na katika kundi lile la mtu aliyekaa kimya akiandika? Walikuwa 13. Yaani hata mtu asiyesema neno, asiyefuta jasho, kuwepo kwake tu chumbani kuliambatana na pungufu. Labda mzazi alihisi hayuko peke yake, labda wahudumu nao walijiangalia zaidi wakijua kuna jicho. Yawezekana ni yote mawili, na yote mawili yanatuhusu.

Miaka ikapita, tafiti zikaongezeka, na mwaka 2017 Meghan Bohren na wenzake wakazikusanya kwa ajili ya mtandao wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa tiba. Walitumia matokeo ya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Walichokipata si cha kushangaza kama Guatemala, na mimi nakiamini zaidi kwa sababu hiyohiyo. Uchungu ulipungua kwa takribani dakika 40, si saa kumi. Upasuaji ulipungua kwa kama robo. Wengi zaidi walijifungua kwa njia ya kawaida, wachache zaidi waliondoka na kumbukumbu mbaya ya siku ile, na watoto wachache zaidi walizaliwa wakiwa dhaifu dakika tano baada ya kuzaliwa. Madhara hayakuonekana. Watafiti wenyewe walisema ubora wa ushahidi haulingani kila mahali, na kweli haulingani. Katika jaribio la Johannesburg la mwaka 1991, kwa mfano, wanawake wa kujitolea waliokaa na wazazi hawakuufupisha uchungu hata kidogo. Lakini wiki sita baadaye, waliosindikizwa wakiwanyonyesha watoto wao maziwa ya mama pekee walikuwa 51 kati ya 100, na wasiosindikizwa walikuwa 29. Saa chache za kuwa na mtu zilimfuata mama hadi nyumbani. Kwa ushahidi wa aina hii, Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 likapendekeza kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji wa chaguo lake wakati wa uchungu na wa kujifungua.

Mtu atauliza, mkono begani unawezaje kupunguza visu vya upasuaji? Jibu limo mwilini. Mikazo ya mfuko wa uzazi husukumwa na homoni iitwayo oksitosini. Mwanamke aliyeshikwa na hofu, mwili wake humwaga adrenalini, na adrenalini ikizidi hudhoofisha mikazo hiyo. Uchungu husuasua, njia haifunguki kama inavyotarajiwa, mstari kwenye chati ya maendeleo ya uchungu unavuka pale usipotakiwa kuvuka, na hapo ndipo dripu ya kuongeza uchungu huwekwa na daktari wa upasuaji huitwa. Ongeza na jambo la kawaida kabisa, kwamba mwenye mtu wa kumwinua husimama na kutembea, asiye naye hulala chali. Mtu anayetuliza hofu, basi, anagusa chanzo chenyewe cha uchungu kusonga au kukwama, wala si pambo la kumfurahisha mzazi.

Kuna ushahidi mwingine wa hapa nyumbani, nao unaumiza. Katika wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, Margaret Kruk na wenzake waliwahoji wanawake waliojifungulia kwenye vituo kuhusu walivyotendewa. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, kama 19 kati ya 100 walisema walitendewa bila heshima au vibaya. Baadhi yao walipohojiwa tena majumbani kwao wiki chache baadaye, idadi ilipanda hadi 28. Nyumbani, mbali na wodi, mambo yaliyokuwa yamemezwa getini yalitoka. Na kilichotajwa zaidi na hao wa nyumbani hakikuwa kofi wala tusi. Kilikuwa kupuuzwa: kuita na asije mtu. Kilichofuata ni kukaripiwa. Ukilitafakari hilo, utaona kwamba jeraha kubwa la leba zetu ni upweke, na upweke una dawa ambayo tayari imekaa nje chini ya mwembe na chupa ya chai.

Sasa nije kwa wanaopinga, kwa kuwa wana hoja na baadhi ya hoja zao zinatoka kwa watu wanaoijua leba kuliko mimi. Wakunga husema chumba ni kimoja, vitanda viko sita, mapazia hakuna; nikimruhusu mume wa huyu, nimemvua nguo yule wa kitanda cha pili. Ni kweli kabisa, na faragha ya mzazi wa pili si ya kutolewa sadaka. Lakini jibu lake ni pazia na utaratibu, si mlango kufungwa kwa wote. Pale vyumba vilipo vya pamoja, msindikizaji awe mwanamke. Mume aingie pale tu ambapo kila mzazi ana sehemu yake iliyositiriwa. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, shirika la Thamini Uhai pamoja na vituo vya Serikali lilijaribu mpango wa wasindikizaji katika vituo vya kawaida, vyenye msongamano wa kawaida na upungufu wa kawaida wa watumishi, na ukafanyika. Hatuzungumzii hospitali za kulipia zenye zulia.

Wengine huogopa dawa za kienyeji, na hofu hii naiheshimu kuliko zote. Wapo ndugu wanaomnywesha mzazi mitishamba ya kuongeza uchungu, wakidhani wanamsaidia, na mfuko wa uzazi ukikazwa kupita kiasi unaweza kupasuka. Ila tuulizane: mitishamba hiyo hunywewa wapi? Aghalabu nyumbani kabla ya safari, au huingizwa kwa siri ndani ya chupa ya uji. Ndugu aliyezuiwa mlangoni hana sababu ya kumweleza nesi ukweli. Yule aliyeitwa kliniki mwezi wa nane wa mimba, akaelezwa kwa upole nini afanye na nini asithubutu, akaambiwa ataingia ndani kwa sharti hilo, amepewa dhamana, na mtu aliyepewa dhamana huichunga. Hofu ya maambukizi nayo hutibiwa kwa njia hiyohiyo: anawe mikono, avae joho, asiguse vifaa.

Halafu kuna neno linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba msindikizaji ni shahidi. Ataona dawa hazipo, ataona zamu moja ina mkunga mmoja kwa wazazi wanane, jambo likiharibika atamnyooshea kidole aliyekuwa zamu. Nawaelewa wakunga wanaohofu hivyo. Wamebebeshwa lawama za mfumo mzima mara nyingi. Lakini shahidi huona pande zote mbili. Ndugu aliyekuwemo ndani huona mkunga alivyokimbia kutoka kitanda hadi kitanda bila kunywa maji. Aliyekaa nje huona maiti tu inatoka, na maneno ya mtaani humalizia yaliyobaki. Tena msindikizaji aliyeelekezwa ndiye anayepaza sauti damu inapoanza kutoka kwa wingi wakati mkunga yuko kitanda cha sita.

Hapo, hata hivyo, pana mtego. Wakubwa wasije wakaona wodi ina ndugu wa kutosha wakaahirisha kuajiri wakunga. Kumwagia maji sakafu, kubeba takataka, kumpima mzazi, hizo si kazi za mama mkwe. Siku msindikizaji atakapoanza kuhesabiwa katika orodha ya watumishi, tutakuwa tumeuharibu mpango wenyewe, na mzazi atapoteza wote wawili, mkunga na ndugu.

Basi vipi kuhusu kuajiri dula? Wapo ambao kwao hili ni jibu la kweli. Mwanamke aliyehamia mjini, mama yake yuko kijijini au ametangulia mbele ya haki, mume yuko safarini, marafiki wako kazini. Huyu akiwa na uwezo wa kulipa, simwoni kama anafuja fedha. Uchambuzi wa Cochrane unaonyesha upasuaji ulipungua zaidi pale aliyekaa na mzazi hakuwa mtumishi wa hospitali, bali mtu aliyekuja kwa kazi hiyo tu, na ni rahisi kuona sababu: hana wodi nyingine ya kukimbilia, na yeye mwenyewe hababaiki kama mama anayemwona mwanawe akiteseka. Lakini mwenye kuajiri aajiri kwa macho makavu. Aulize hospitali kwanza kama itamruhusu huyo dula kuingia, kabla ya kulipa hata shilingi. Amuulize dula amejifunzia wapi, amewasindikiza wangapi, nani atashika nafasi yake akiugua siku hiyo, na malipo yanahusu nini hasa. Na akimsikia anajigamba kwamba yeye anaweza kumzalisha nyumbani, au anamwambia akatae upasuaji kwa vyovyote vile, amwache. Dula anayeshindana na mkunga ni hatari, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Kinachonisumbua ni pale tunapoliacha jambo hili liishie kwa wenye kulipa. Utafiti wa Guatemala haukuwa wa wanawake matajiri, na waliokaa nao hawakuwa wataalamu. Kilichofanya kazi ni mtu kubaki. Karibu kila mjamzito wa Muheza, wa Kasulu, wa Mbagala ana mtu wa namna hiyo tayari, bure, na tayari amefika naye hadi mlangoni. Hospitali nyingi huwahesabu watu hawa kama wageni wa wagonjwa, na mgeni ana saa zake: asubuhi kidogo, jioni kidogo, kengele ikilia atoke. Uchungu haufuati kengele hiyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha halihitaji fedha: msindikizaji wa mzazi aondolewe kwenye orodha ya wageni, aandikwe jina lake na namba yake ya simu kwenye kadi ya kliniki tangu mimba ikiwa changa, na aelekezwe siku moja na mjamzito wake. Pazia na kiti cha plastiki vinahitaji fedha kidogo, na hivyo ni vya halmashauri na kamati za afya kuvipangia kwenye bajeti.

Nawe uliye mjamzito sasa, au mkeo, au dada yako, usisubiri waraka. Katika hudhurio lijalo la kliniki, yakiisha maswali ya shinikizo la damu na vidonge vya kuongeza damu, muulize muuguzi: siku ya kujifungua, mnaruhusu mtu wangu aingie nami? Akisema ndiyo, muulize ni nani na kwa masharti gani, ukarudi nyumbani ukazungumze na huyo mtu mapema. Akisema hapana, muulize kwa nini, kwa adabu, na uulize kama kuna kituo kingine cha karibu wanakoruhusu. Wanawake ishirini wakiuliza swali hilo kwenye kliniki moja kwa wiki moja, mganga mfawidhi atalisikia.